Jiwe Halitendi Dhambi: Mteremko, Msuguano na Uhuru Wetu



Wapendwa vijana, tafakari ya leo inaanzia kwenye daftari la sayansi la sekondari. Usiikimbie, hata kama fizikia ilikutesa. Tutatoka humo tukiwa na swali la moyo kabisa.

Kuna sentensi tunayoisikia kila siku: "Ndivyo nilivyo." Au ndugu yake: "Mazingira ndiyo yamenifanya hivi." Anaisema kijana anayebeti kila jioni mpaka nauli ya kesho inaisha. Anaisema binti aliyekaa kwenye uhusiano ambao mwenyewe anajua unamuumiza. Upande wa pili wapo wenye sentensi yao: "Hivyo ni visingizio tu. Ukiamua, umeamua."

Nani yuko sahihi? Swali hili si la mchezo. Kama wa kwanza yuko sahihi kabisa, basi hakuna dhambi, hakuna toba, na foleni ya Kitubio siku ya Jumamosi ni watu wanaopoteza muda. Kama wa pili yuko sahihi kabisa, basi yule anayeanguka mara ya kumi ni mtu asiyetaka tu, na hana cha kufanya isipokuwa kujichukia. Jibu la kwanza limewafanya vijana wengi waache kupambana. La pili limewafanya wengine waache kuja kanisani, kwa aibu.

Tuone kwanza vitu visivyo na roho vinasogeaje. Sayansi ya msingi inatutajia mambo matatu kati ya mengi: mteremko, hali ya uso ambao kitu kinapita juu yake, na ukolezi, yaani wingi wa chembe mahali pamoja kuliko pengine.

1. Mteremko: mwanzo mdogo, mwisho mkubwa

Mwaka 1638 kilichapishwa kitabu cha Galileo Galilei juu ya sayansi mbili mpya. Humo anaeleza jaribio lake. Alichukua ubao mrefu, akauchonga mfereji mwembamba, akauinamisha kidogo, akaviringisha kigololo cha shaba. Saa za mkononi za kupima sekunde hazikuwepo, hivyo alipima muda kwa kukinga maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye chombo, kisha akayapima uzito.

Alichokiona ni hiki. Kama katika kipindi cha kwanza kigololo kinakwenda hatua 1, katika kipindi cha pili kinakwenda hatua 3, cha tatu 5, cha nne 7. Jumlisha: baada ya vipindi vinne kimeshakwenda hatua 16, si 4. Maana yake mteremko haukusogezi tu, unakuongezea kasi. Hata mteremko mdogo hufanya hivyo. Ukiinamisha ubao nyuzi 30, na msuguano tukauweka pembeni, kasi inaongezeka kwa nusu ya ile ya kitu kinachoanguka wima. Ukiuinamisha nyuzi 6 tu, ni kama sehemu moja ya kumi. Ni ndogo, ndiyo, lakini inaongezeka kila sekunde bila kupumzika.

Hapo tunajifunza jambo la kwanza. Anayeanza kuteremka huona mwendo wake ni wa polepole, akajiambia, "Naweza kusimama muda wowote." Kwa wakati ule ni kweli! Kosa lake ni kudhani kwamba atakachoweza sasa ndicho atakachoweza baadaye.

Muulize dereva wa lori anayetoka Iringa na kushuka Mlima Kitonga kuelekea Morogoro. Dereva mwenye akili hasubiri afike katikati ya kona ndipo apambane na mlima. Anaingiza gia nzito kule juu, kabla ya kuanza kushuka. Kwa nini? Kwa sababu breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu zinachemka, na zikichemka sana uwezo wake wa kushika unapungua, wakati huohuo ambapo unauhitaji zaidi.

Utashi wetu unafanana na breki zile. Mungu ametupa, na unafanya kazi. Lakini anayeutegemea katikati ya mteremko pekee, saa sita usiku, peke yake chumbani na simu mkononi, atashangaa kuona unachemka. Ndiyo maana Kanisa halikuishia kutuambia tukatae dhambi. Limetuambia tuepuke na nafasi za dhambi. Wengine wanaona huo ni woga. Mimi naona ni busara ya dereva wa Kitonga: uamuzi wa kweli unafanyika juu, mahali ambapo bado ni rahisi.

2. Msuguano: rafiki tunayemchukia

Jambo la pili ni hali ya uso. Weka tofali juu ya ubao, uinue ubao polepole upande mmoja. Mwanzoni tofali halisogei. Linashikwa na msuguano. Ukifika kiwango fulani, linaachia ghafla na kuteleza. Ubao ukiwa na mikwaruzo litaachia ukiwa umeinuka sana. Ukiupaka sabuni, litaachia mapema mno.

Kuna jambo moja ndani ya jaribio hili la kulitafakari. Kwa kawaida, nguvu ya kukiondoa kitu kilichotulia ni kubwa kuliko nguvu ya kukiendeleza kikishaanza kuteleza. Kuanza ni kugumu, kuendelea ni rahisi. Sasa kumbuka mara ya kwanza mtu anapodanganya wazazi juu ya ada: usingizi hauji, moyo unadunda. Mara ya nne anaongea huku anakula ugali. Katekisimu inafundisha hivyohivyo: dhambi huzaa mwelekeo wa kutenda dhambi tena, na matendo yakirudiwa yanajenga kilema. Ule mdundo wa moyo wa mara ya kwanza ulikuwa msuguano. Ulikuwa zawadi. Dhamiri ilikuwa inalishika tofali.

Dunia ya leo inatufundisha kuchukia msuguano. Tunataka kila kitu kiteleze. Wanaotengeneza programu za simu wanalijua hili vizuri. Video ikiisha, nyingine inaanza yenyewe. Ukurasa hauna mwisho, unasukuma kidole tu. Kubeti hakukuhitaji tena utembee mpaka kibandani ukaonwe na jirani, ni kubonyeza mara mbili tatu. Hakuna aliyekusukuma, kilichofanyika ni kupaka sabuni kwenye ubao.

Lakini jaribu kutembea mahali pasipo na msuguano. Huwezi hata kupiga hatua moja, mguu unarudi nyuma. Gari likikwama kwenye utelezi wakati wa masika, injini inanguruma, magurudumu yanazunguka, na gari liko palepale. Watu hawaongezi mafuta. Wanatafuta kokoto, majani, magunia, wanatandika chini ya tairi. Wanaongeza ukwaruzo, ndipo gari linapanda.

Ratiba ya sala ni kokoto. Mzazi anayeuliza "ulikuwa wapi?" ni kokoto. Kuweka simu sebuleni usiku ni kokoto. Kumwambia rafiki mmoja wa kweli, "Ukiniona naanza, nikumbushe," ni kokoto kubwa. Vinakera, ndiyo. Vinakwaruza. Ila ni hivyo hivyo vinavyokuwezesha kupanda.

3. Ukolezi: hakuna aliyenilazimisha

Jambo la tatu ni la kimyakimya zaidi. Dondosha tone la rangi kwenye glasi ya maji yaliyotulia. Usikoroge. Rudi baada ya muda mrefu, rangi imeenea glasi nzima. Nani aliisukuma? Hakuna. Kila chembe ilikuwa inagongwagongwa huku na kule bila mpango. Lakini kwa kuwa zilikuwa nyingi upande mmoja na chache upande mwingine, kwa ujumla zimetoka penye wingi kwenda penye uchache, mpaka kila mahali pakawa sawa.

Hivi ndivyo tabia zinavyoenea kijiweni, hosteli, kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimuuliza mtu, "Nani alikufundisha kutukana hivi?" atasema hakuna, na hasemi uongo. Alikaa tu. Katika kundi ambalo kila mtu anamsema vibaya aliyeondoka, utasema vibaya bila kushawishiwa na yeyote. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya masuala ya kijamii, alizungumzia miundo ya dhambi: maovu yaliyojikusanya katika jamii mpaka yakawa kama hewa. Ila alikumbusha kwamba chanzo chake kila mara ni matendo ya watu halisi. Rangi haikujidondosha yenyewe.

Hata hivyo angalieni jambo moja hapa, maana linabeba hoja yetu. Sheria ya msambao ni sheria ya kundi. Inasema wengi wataelekea wapi. Haisemi kitu juu ya chembe hii moja itakuwa wapi baada ya dakika tano. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Vijana wa mtaa ule wote wanaishia hivyo," hata kama amehesabu vizuri, bado hajasema lolote juu yako.

4. Jiwe linalofikiri

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwanafalsafa Baruch Spinoza, katika barua ya mwaka 1674, alitoa mfano ambao sisi tuliosoma falsafa hatuusahau. Tuseme jiwe limerushwa, na likiwa hewani likapata akili. Linajua kwamba linataka kuendelea kwenda, ila halijui mkono uliolirusha. Jiwe hilo, alisema, litajiona liko huru kabisa. Na sisi binadamu, kwa maoni yake, ndivyo tulivyo: tunajua tunachotaka, hatujui kilichotufanya tukitake, basi tunajiita huru.

Mfano huu ni mzuri na unauma. Lakini umeacha kitu. Jiwe la Spinoza linajua hamu yake tu. Je, likijua na mkono uliolirusha? Likitambua, "Kumbe niko kwenye mteremko, kumbe ubao umepakwa sabuni, kumbe wenzangu ni wengi upande huu"? Hapo si jiwe tena. Mtakatifu Thoma wa Akwino alieleza kwamba uhuru wa mtu una mzizi katika akili, kwa sababu akili inaweza kugeuka na kuihukumu hukumu yake yenyewe. Mbuzi akiona majani anayafuata. Wewe ukiona chips unaweza kujiuliza: hivi naona njaa, au nimechoka tu na upweke?

Hiyo nafasi ndogo kati ya kuvutwa na kwenda ndiyo makao ya uhuru. Siku nyingine ni nyembamba sana. Lakini ipo, na ina upana tofauti kwa nyakati tofauti. Katikati ya mteremko ni nyembamba. Asubuhi, ukiwa na akili iliyotulia, ni pana. Kwa hiyo "naweza kuacha sasa hivi?" huwa ni swali la kuchelewa. La mapema ni hili: nikiwa bado naweza kuchagua, nimechagua ubao upi? Kijana wa kubeti pengine hawezi kumshinda "mkeka" saa tatu usiku. Saa mbili asubuhi anaweza kufuta ile programu, na anaweza kumkabidhi dada yake nauli ya wiki nzima. Uhuru wake uko asubuhi, na ndiyo sababu wajibu wake nao uko asubuhi.

Mtakatifu Augustino katika Maungamo anaongeza jambo zuri zaidi. Anafananisha upendo na uzito. Jiwe linakwenda chini, moto unakwenda juu, kila kimoja kinatafuta mahali pake, na moyo wa mtu unabebwa na kile unachokipenda. Hakusema tuwe watu wasiovutwa. Mtu asiyevutwa na chochote amekufa. Kazi ya maisha ni kujifunza kuvutwa na kinachostahili.

5. Seli inayopanda mlima

Je, kuna kitu katika maumbile kinachokwenda kinyume cha mteremko? Kipo, na unacho mwilini sasa hivi unaposoma.

Ndani ya seli zako potasiamu ni nyingi na sodiamu ni kidogo. Nje ni kinyume chake. Kwa sheria ya msambao, vingetakiwa kuchanganyika mpaka viwe sawa. Kwa nini haviwi sawa? Kwa sababu kwenye utando wa seli kuna pampu. Kila mzunguko inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, kinyume kabisa cha mteremko wa ukolezi. Mdenmark Jens Christian Skou aliigundua mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Bila pampu hizo mishipa yako ya fahamu isingepeleka ujumbe wowote.

Siku seli inapoacha kupampu, mambo yanatulia. Ndani na nje vinaelekea kuwa sawa. Hakuna vurugu, hakuna gharama. Hali hiyo jina lake ni kifo.

Ndugu yangu unayeona uchovu kwa sababu kila siku unapambana na jambo lilelile: uchovu wako si ushahidi kwamba umeshindwa. Kinachopambana bado kinaishi. Uwe na wasiwasi siku utakapokuwa sawa kabisa na kilichokuzunguka na usione tofauti yoyote.

Lakini pampu haijiendeshi. Inatumia nishati, na nishati hiyo inatoka kwenye chakula ulichokula. Seli haijitengenezei nguvu kwa kujikaza. Hapa ndipo wa pili, yule wa "ukiamua umeamua," anapokosea. Kosa lake ni la zamani. Katika karne ya tano Kanisa lililikataa fundisho la Pelagio, kwamba utashi wa mtu unatosha kumfikisha kwenye wema. Hautoshi. Tunapanda kwa nguvu tunayopewa. Hiyo tunaiita neema, na Bwana wetu hakuona aibu kutupa neema yake kama chakula. Mtu anayesema, "Nitaanza kwanza kuwa mwema, halafu nitarudi kwenye sakramenti," anafanana na seli inayosema, "Nitapampu kwanza, halafu nitakula." Anza na Kitubio, kisha ukaribie meza.

6. Je, wote tutapimwa kwa kipimo kimoja?

Wapo waliozaliwa kwenye ubao tambarare, na wapo waliozaliwa kwenye mteremko mkali uliopakwa sabuni. Aliyekulia kwenye nyumba ya pombe na ngumi hana mwanzo mmoja na aliyekulia kwenye rozari ya kila jioni. Katekisimu, namba 1735, inatambua wazi kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea na mambo mengine ya nafsi na ya jamii. Tendo baya linabaki baya. Lakini uzito wake juu ya mtu huyu anaujua Mungu.

Yesu mwenyewe alipima hivyo. Hekaluni matajiri walitoa kingi, mjane akatoa senti mbili, na Yesu akasema mjane amewazidi wote. Aliangalia ametoa akiwa wapi. Basi hatua mbili za kupanda mlima mkali zinaweza kuwa kubwa mbele ya Mungu kuliko kilomita nzima ya tambarare. Ukweli huu utufunge midomo kabla ya kumhukumu mwenzetu, na utupe moyo wakati wa kujihukumu wenyewe.

Usiugeuze kuwa mto wa kulalia, lakini. Anayesema "mteremko wangu ni mkali" amesema ukweli, na ukweli huo unamdai atafute kokoto haraka kuliko mwenzake.

7. Wewe ni mteremko wa nani?

Mpaka hapa tumejiangalia sisi. Tumalizie kwa wengine, maana na sisi ni sehemu ya ubao wao. Utani wako, picha unazotuma kwenye kundi, jinsi unavyomcheka anayewahi Misa: vyote vinainamisha ubao wa mtu. Maneno makali kati ya yale makali aliyosema Yesu yalihusu makwazo, yaani anayewafanya wadogo waanguke. Lakini kinyume chake nacho ni kweli. Tone moja la wema linaenea bila kelele.

Yohane Mbatizaji alipoanza kuhubiri, Luka anamweleza kwa maneno ya nabii Isaya, na picha yake ni ya barabara: mabonde yanajazwa, milima inashushwa, palipopinda pananyoshwa, njia zilizoparuza zinasawazishwa. Kumbe kumwandalia Bwana njia ni kazi ya kushika jembe na koleo, ya kupunguza miteremko inayowaangusha watu. Pengine wito wako wiki hii ni huo tu: kutoka kwenye kundi moja, kumkaribisha mmoja, kumwekea mwenzako kokoto moja chini ya tairi.

Jiwe halitendi dhambi, na jiwe halitubu. Wewe unaweza yote mawili, na hiyo ndiyo heshima yako.

Maswali ya kutafakari wiki hii

- Ni saa ngapi ya siku uhuru wangu huwa mpana zaidi, na ninautumiaje?
- Ni kokoto gani nimeiondoa kwa sababu ilinikera?
- Ni nani anayeteleza kwa sababu yangu?

Tuombe

Ee Bwana, unajua nilipoanzia na unajua ninapotelezea. Nipe akili ya kuona mteremko kabla sijaushuka, unyenyekevu wa kukubali kushikwa, na njaa ya Mkate wako unaonipa nguvu ya kupanda. Wanaoanguka usiniache niwahukumu, na wanaopanda usiniache niwaangushe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.